PROTEKTA ZA SIMU: KWELI INAYOFUNIKA KWELI



Miezi michache iliyopita nilisimama mbele ya meza ya kijana mmoja auzaye vifaa vya simu Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Mkononi nilikuwa na simu mpya, na moyoni hofu ya mtu aliyetoa akiba ya miezi kadhaa kununua kitu kinachoweza kuvunjika kwa dakika moja. Kijana yule hakunikawiza. "Shehe wangu, weka hii," alisema, akanionesha pakiti iliyoandikwa 9H kwa rangi ya dhahabu, na chini yake 21D. Akachukua kisu, akakipitisha juu ya protekta mara tatu. Akachukua shada la funguo, akakwaruza kwa nguvu. Kisha akatoa nyundo ndogo chini ya meza, akaipiga protekta ile iliyolazwa juu ya ubao. Haikuwa na alama hata moja. "Wallahi haivunjiki," akamaliza.

Nikalipa shilingi 10,000. Siku ya tisa simu iliniponyoka kwenye ngazi za msikiti, ikafikia kona, na kioo chake kikapasuka tangu kona ile hadi katikati. Protekta nayo ilipasuka. Fundi akaniambia bei ya kubadilisha kioo: shilingi 140,000.

Siandiki ili kudai fedha zangu. Naandika kwa sababu nilipotulia na kuchunguza jambo lenyewe niligundua kitu kilichonishangaza zaidi kuliko uongo. Karibu yote niliyooneshwa pale mezani yalikuwa kweli. Kisu hakikukwaruza, funguo hazikukwaruza, nyundo haikuvunja, na ile 9H iliyoandikwa kwa dhahabu ni sahihi. Ni ile yamini tu iliyokuwa si kweli. Hapo ndipo penye mafunzo kwetu sisi tununuao na kwa ndugu zetu wauzao.

Yamkini wapo watakaosema kwamba jambo hili ni dogo mno kuandikiwa makala. La hasha. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa mfuko wa fedha, daftari la madeni na duka. Mama auzaye vitumbua asubuhi hulipwa kwa simu, bodaboda huitwa kwa simu, na mzazi hutuma ada ya mtoto kwa simu. Kioo kikifa, laini yaweza kuhamishiwa simu nyingine, lakini si kila mtu anayo simu nyingine, na siku mbili za kutafuta fedha ya fundi ni siku mbili za biashara kusimama. Mtu mwenye simu ya shilingi 250,000 ndiye anayebembelezwa zaidi mbele ya meza hizi, na ndiye asiyeweza kununua kioo kingine.

Tuanze na historia, maana ndani yake mna chanzo cha mkanganyiko huu. Simu nyingi tulizozishika miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa na dirisha dogo la plastiki. Plastiki ni laini. Funguo huikwaruza, sarafu huikwaruza, na baada ya miezi michache ilikuwa vigumu kuisoma namba ya mtu juani. Karatasi ya plastiki iliyobandikwa juu ya dirisha lile ilikuwa na kazi ya maana, kwa kuwa ilipokea mikwaruzo badala ya simu, kisha ikabanduliwa na kuwekwa nyingine. Mwaka 2005 kampuni ya Apple ilipotoa chombo chake cha kusikilizia sauti kiitwacho iPod nano, wanunuzi nchini Marekani walilalamika kwamba uso wake wakwaruzika upesi mno, wakafika mahakamani mwaka huo huo. Januari 2007 kampuni hiyo ikaionesha simu yake ya kwanza. Mwezi Juni, siku chache kabla ya kuanza kuiuza, ikatangaza kwamba uso wa plastiki umeachwa na mahali pake pamewekwa kioo.

Simu nyingine zikafuata njia hiyo, na kioo kilichotumika hakikuwa kile cha madirishani. Kampuni ya Corning ya Marekani, kwa mfano, hutengeneza kioo kiitwacho Gorilla Glass kwa kukitumbukiza katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 400 hivi za Selsiasi. Ndani ya chumvi ile, chembe ndogo za sodiamu zilizomo kwenye kioo hutoka, na chembe kubwa zaidi za potasiamu huingia mahali pake. Mfano wake ni watu wanene kukaa katika viti vilivyoachwa na watu wembamba: safu nzima hubanana. Kubanana huko kwa uso ndiko kunakokipa kioo nguvu, kwa sababu ufa ili uende mbele hauna budi kwanza kuushinda mbano ule.

Basi angalia yaliyotokea. Kioo kilipowekwa, funguo za mfukoni hazikuwa tena adui wa simu, na ile haja ya kwanza ya protekta ikapungua sana. Biashara yake haikupungua. Ilibadili maneno tu. Iliyokuwa kinga ya mikwaruzo ikaanza kuitwa kinga ya kuvunjika, na hizo ni kazi mbili tofauti kabisa. Kampuni ya ZAGG ya Marekani, iliyoanza katikati ya miaka ile ya 2000, ilijipatia jina kwa kuuza plastiki ambayo, kwa maelezo ya matangazo yake, asili yake ni utando wa kukinga mapanga ya helikopta za kijeshi. Msomaji husikia "helikopta" na "jeshi", akili yake ikaona chuma na risasi. Lakini panga la helikopta hukingwa na mchanga unaolisaga linapozunguka, na simu yangu haikusagwa na mchanga. Ilianguka.

Sasa tuitazame ile 9H, maana ndiyo mama wa matangazo haya yote. Wengi tunadhani ni ngazi ya ugumu ambayo juu yake imebaki almasi peke yake. Dhana hiyo imetokana na kipimo kingine, kile cha Mjerumani Friedrich Mohs cha mwaka 1812, kinachopanga madini kwa kuangalia lipi humkwaruza mwenzake. Talki, ile ya poda, ni 1. Kwatzi ni 7. Yakuti ni 9. Almasi ni 10. Mtu akisoma 9 kwenye pakiti huona yakuti. Walakini ile H haihusiani na Mohs hata kidogo. Ni H ya penseli. Ndiyo, penseli zile zile za shuleni, zenye HB na 2B. Wapo mafundi wa rangi ambao, ili kujua kama rangi iliyopakwa juu ya bati au mbao imekauka na kuwa ngumu, huchukua penseli za ngazi mbalimbali, wakaziburuta juu ya rangi ile kwa mshazari wa nyuzi 45 chini ya uzito wa gramu 750, waone ni penseli ipi itakayoacha mkwaruzo. Kipimo hicho kinatambuliwa kimataifa kwa ajili ya rangi na vanishi, na penseli ngumu kuliko zote katika safu yake ni 9H.

Kwa hiyo 9H maana yake ni kwamba penseli ngumu kuliko zote haikuikwaruza protekta hii. Na penseli ni nini? Ni grafiti na udongo. Kioo cha dirisha la nyumbani kwako hushinda mtihani huo. Chupa ya soda hushinda mtihani huo. Kioo cha simu yenyewe, kabla hakijabandikwa chochote, kimekwisha ushinda. Katika kipimo cha Mohs, kioo cha kawaida hukaa kwenye 5.5 hivi, wala hakifiki hata kwenye kwatzi. Na mchanga mwingi ulioko mabarabarani na katika mifuko ya suruali zetu ni kwatzi (isipokuwa ule mweupe wa matumbawe unaoonekana katika baadhi ya fukwe za Unguja, ambao ni laini zaidi). Ndiyo kusema protekta iliyovuka mtihani wa penseli kwa sifa zote itakwaruzwa na punje moja ya mchanga, na hakuna pakiti inayosema hivyo.

Hapo pia ndipo palipo siri ya kisu na funguo. Chuma cha kisu kwa Mohs kipo karibu na 5.5, na shaba ya funguo iko chini zaidi, kwenye 3 au 4. Kwa hiyo mtu anayepitisha funguo juu ya protekta haoneshi ubora wa protekta. Angezipitisha juu ya kioo kitupu cha simu angepata jibu lile lile. Nilirudi nyumbani nikajaribu kwa simu ya zamani isiyo na kitu juu yake, na funguo za mlango wangu hazikuacha alama. Kama kijana yule angechukua kipande cha karatasi ya msasa, maonesho yangekwisha mara moja.

Na nyundo? Kioo ni kitu chenye tabia mbili. Ukikibana hustahimili mzigo mkubwa, lakini ukikipinda na kukivuta hukatika. Protekta iliyolazwa juu ya ubao imara haina nafasi ya kupinda, na uso mpana wa nyundo hueneza pigo. Simu inayoanguka haianguki hivyo. Hufikia kona au ukingo, juu ya jiwe au ncha ya ngazi, nguvu yote ikakusanyika mahali padogo, na simu nzima ikapinda kidogo kwa nukta ya sekunde. Hapo ufa huanzia pembeni. Mara nyingi pembeni ndipo protekta haifiki, kwa kuwa hukatwa ndogo kidogo kuliko kioo ili isiinuliwe na kava. Nyundo ile, basi, ilijaribu jambo ambalo simu zetu hazikutani nalo.

Nilipomsimulia ndugu mmoja haya, alinijibu kwa hoja ambayo nadhani wasomaji wengi wanayo vichwani: "Mimi simu yangu ilianguka, protekta ikavunjika, kioo kikapona. Protekta iliniokoa." Naomba tuipime hoja hii kwa utulivu, maana hakuna tangazo lenye nguvu kuliko hilo, na hulipiwi kulisema. Protekta ya kioo ina unene wa theluthi moja ya milimita hivi, na nyingi za bei nafuu zimekatwa kwa kingo zenye mapengo madogo yasiyoonekana kwa macho. Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alieleza kwamba nguvu ya kioo hutawaliwa na nyufa ndogondogo zilizomo ndani yake kabla hakijaguswa. Kioo chembamba chenye kingo mbovu kitavunjika kwa pigo ambalo kioo kizima cha simu kingelivumilia bila shida. Basi protekta ikivunjika na simu ikapona, huenda ni kweli iliokoa, na huenda pigo lilikuwa dogo ambalo lisingekidhuru kioo, bali liliidhuru protekta kwa sababu ya udhaifu wake. Ili kujua ungehitaji simu mbili zianguke sawasawa, moja ikiwa na protekta na nyingine ikiwa nayo haina. Hakuna afanyaye hivyo nyumbani kwake.

Matokeo yake ni kwamba muuzaji hashindwi kamwe. Protekta ikivunjika, imejitoa mhanga. Isipovunjika, ni imara. Vikivunjika vyote viwili kama ilivyokuwa kwangu, ilikuwa bahati mbaya. Na kila ikivunjika, mteja hurudi kununua nyingine huku akishukuru.

Juu ya 21D sitakawia. Hapo zamani 2.5D ilikuwa na maana, yaani kioo kilicholainishwa kingo zake kwa mviringo mdogo, na 3D ilikuwa kioo kilichokunjwa kikafuata ukingo wa simu. Baada ya hapo zikaja 5D, 9D, 11D na 21D, na hakuna kipimo chochote kinachozitofautisha. Ni mnada wa namba. Hiyo iitwayo "seramiki", ambayo siku hizi husifiwa kuwa haivunjiki, jaribu kuikunja mkononi na itajikunja kama nailoni, kwa kuwa kwa sehemu kubwa ni plastiki hasa. Ni kweli haivunjiki. Karatasi nayo haivunjiki. Swali lililopaswa kuulizwa ni kama kioo kilicho chini yake hakitavunjika, na swali hilo tangazo limelipita kimya.

Zipo nazo zinazouzwa kwa jina la afya. Baadhi husemekana kuzuia mwanga wa buluu usichoshe macho. Mwaka 2023 watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio 17 juu ya miwani ya kuchuja mwanga huo, wakahitimisha kwamba huenda haileti nafuu yoyote katika uchovu wa macho wa muda mfupi ikilinganishwa na miwani ya kawaida. Ikiwa miwani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hali yake ndiyo hiyo, plastiki ya shilingi 15,000 ina hoja gani? Macho huchoka kwa kukodoa bila kupepesa, na dawa yake ni kuiweka simu chini. Nyingine hudai kuzuia mionzi. Biashara hiyo si ngeni. Mwaka 2002 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilizishitaki kampuni mbili zilizouza vibandiko vya kuwekwa kwenye simu kwa madai ya kuzuia karibu mionzi yote. Tume ilieleza kwamba mionzi hutoka katika simu nzima, si katika tundu la sikioni peke yake, na kwamba kinga ya namna hiyo yaweza hata kuifanya simu itumie nguvu zaidi kutafuta mtandao.

Lakini la kutisha kuliko yote ni hili. Oktoba 2019 mwanamke mmoja nchini Uingereza aliweka protekta laini ya bei nafuu juu ya simu ya Samsung Galaxy S10, ambayo husoma alama za kidole chini ya kioo. Akagundua kwamba kidole cha mumewe, ambacho hakijapata kusajiliwa, kinaifungua simu ile. Kampuni ya Samsung ilikiri kwamba mifumo iliyochorwa upande wa ndani wa baadhi ya protekta za silikoni ilikuwa ikitambuliwa na simu kana kwamba ndiyo alama ya kidole, ikatoa marekebisho ya programu mwezi huo huo. Huko Korea Kusini benki moja ya mtandaoni iliwashauri wateja wake wazime kwa muda njia hiyo ya utambulisho. Fikiri, ndugu msomaji, juu ya kinga iliyonunuliwa ili kuilinda simu, ikawa ndiyo mlango wa kuingilia kwenye fedha zilizomo. Kasoro ile ilirekebishwa, walakini yatukumbusha kwamba kitu kinachobandikwa juu ya chombo cha fedha si pambo.

Je, kati ya kioo na plastiki, kipi ni bora? Nimeulizwa hivyo na kila niliyezungumza naye, na sitaki kukwepa. Kwa simu ya kawaida yenye uso bapa, mimi nachagua protekta ya kioo, ile ya bei ya chini isiyo na majina makubwa, na sababu yangu ni moja tu: hupokea mikwaruzo ya mchanga badala ya kioo cha simu. Kwa mujibu wa Griffith, mkwaruzo ni mwanzo wa ufa, hivyo kuzuia mkwaruzo leo kwaweza kupunguza nafasi ya kuvunjika kesho. Ikiwa itanisaidia pia siku ya kuanguka, nitashukuru, ila siilipii hilo. Plastiki hufanya kazi hiyo hiyo ya mikwaruzo kwa unene mdogo zaidi, nayo hufaa simu zenye uso uliokunjwa kingo, ambazo kioo bapa hakizishiki vizuri na hulazimu kutumia gundi ya maji iwezayo kupenya kwenye spika. Upungufu wake ni kuwa huchakaa upesi, na kwa kuanguka haina msaada wa kutajwa. Kwa zile simu zinazokunjwa katikati, jihadhari kabisa. Mwaka 2019 baadhi ya waandishi wa habari waliopewa Galaxy Fold waijaribu walibandua utando wa juu wakidhani ni protekta, kumbe ulikuwa sehemu ya simu, zikaharibika. Aidha, simu nyingine hutoka kiwandani zikiwa na plastiki nyembamba iliyokwisha bandikwa. Usimruhusu mtu aibandue ili akuuzie nyingine kabla hujamuuliza ya kwanza ina kosa gani.

Sasa nani alaumiwe? Si rahisi kumtupia lawama yote kijana wa mezani. Ile 9H hakuiandika yeye, imetoka kiwandani, ikapita kwa mwagizaji mwenye kontena, ikapita kwa mwenye duka la jumla, na hakuna hata mmoja wao aliyemwambia kwamba H ni penseli. Yeye alirithi maonesho ya kisu na nyundo kutoka kwa jirani yake, kama mtu anavyorithi bei. Hapa nchini Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na ipo Tume ya Ushindani ya kuisimamia, lakini kwa maoni yangu macho ya sheria hayana budi kuelekezwa kwa mwenye kontena kabla ya mwenye meza. Pakiti iseme kwa Kiswahili: hiki ni kioo au ni plastiki, unene wake ni huu, na 9H ni kipimo cha penseli. Maneno machache tu. Mwagizaji anayeweza kulipia rangi ya dhahabu hawezi kushindwa na wino wa maneno hayo.

Na hapa wasomaji wa jarida hili watakuwa wamekwisha kukikumbuka kile kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni Madina, alipotia mkono katika lundo la nafaka na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akasema ni mvua. Yule bwana hakuwa amesema uongo wowote, na nafaka kavu ya juu ilikuwa kavu kweli. Alichoulizwa ni kwa nini iliyolowa haikuwekwa juu watu wakaiona. 9H ndiyo nafaka kavu ya juu. Ama kuhusu kiapo kilichotiwa juu ya lundo hilo, kwamba kitu kisichojulikana na aapaye "wallahi hakivunjiki", sidhani kama nahitaji kusema zaidi kwa watu wanaojua uzito wa jina hilo. Vijana wetu wanalitaja mara mia kwa siku kwa ajili ya bidhaa ya shilingi 10,000, na sisi tunanunua tukitabasamu.

Nilirudi pale Kariakoo, si kwa ugomvi. Nilikaa na kijana yule kwenye benchi lake, nikamweleza habari ya penseli, ya mchanga na ya nyundo. Alicheka mwanzoni, kisha akanyamaza. Akachukua penseli ya hesabu zake akaiburuta juu ya kioo cha kabati lake, akatazama, akafuta. Akaniuliza, "Sasa shehe, niseme nini?" Nikamwambia aseme anachokijua.

Wiki iliyofuata nilipita tena. Alikuwa na mteja, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na simu ya bei ya kati. Nilisimama kando nikasikiliza. "Mama, hii itazuia mchanga," alimwambia. "Ikichakaa utabadilisha. Ila ikianguka kwa kona siwezi kukuahidi, kava ndilo litakusaidia zaidi." Mama aliigeuzageuza ile pakiti, akaitazama simu yake, akauliza, "Kwa hiyo inavunjika?" Kijana akasema ndiyo, yaweza kuvunjika. Mama akairudisha pakiti mezani kwa adabu, akavuka hatua nne hadi meza ya jirani, ambako nyundo ilikuwa imekwisha toka chini ya meza.

Kijana alinitazama. "Umeona, shehe?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilinunua kwake kava la mpira lenye kingo zilizonyanyuka, kwa shilingi 7,000, nikaondoka.